Sura ya Nne: Mizinga Ina Majina

Abiria anayefika stesheni ya Miritini kupanda treni ya Nairobi huambiwa kwanza atue mzigo. Mabegi na maboksi ya maembe hupangwa chini kwa mstari mmoja, wenyewe husogezwa nyuma, halafu mbwa huletwa kunusa. Dakika hizo chache kila mtu huliangalia begi lake kwa wasiwasi, hata asiye na cha kuficha.

Safari moja nilisimama nyuma ya mama mmoja wa makamo, kajitanda leso, kamshika mkono mwanawe. Kijana alikuwa amenyolewa karibu kipara, na begi lake lilikuwa la rangi ya majani makavu. Likizo ilikuwa imekwisha.

"Ukifika Nairobi nipigie."

"Nitakupigia, mama."

"Na ukifika kule nipigie."

"Kule simu haishiki."

Hawakutaja kule ni wapi. Tangu Oktoba 2011, jeshi la Kenya lilipovuka mpaka kuingia Somalia, neno "kule" lina maana moja tu katika nyumba nyingi. Mama akanyamaza, akamkung'uta mwanawe vumbi lisilokuwepo begani. Mbwa akapita.

Reli hii mpya ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, lakini Miritini ilikuwa stesheni zamani kabla ya hapo, kwenye reli nyembamba ya Mwingereza iliyoanza kulazwa Mei 1896. Ukitoka kisiwani ulivuka Makupa, ukapita Changamwe, ukapita Miritini, kisha treni ikaanza kupanda kuelekea Mazeras huku ikikohoa. Njia hiyo imebeba pembe, chumvi, Magavana, mahujaji na wanafunzi. Imebeba pia askari, wakienda juu na wakishuka chini, katika vita viwili vikubwa ambavyo havikuanzishwa na mtu yeyote wa huku. Nimeishi miaka mingi nikiisikia treni usiku, na sijui kwa nini ilinichukua muda mrefu hivyo kujiuliza waliopita humo walikuwa akina nani.

Nilipoanza kuwatafuta, nilianzia pabaya. Nilikwenda Ngomeni.

Pale Fort Jesus pana mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ulikuwa wa manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyozamishwa bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Wa pili ni wa manowari iliyoizamisha, Königsberg ya Wajerumani. Königsberg nayo ilikimbilia kwenye delta ya Rufiji, ikabanwa humo kwa miezi, na Julai 1915 Wajerumani wenyewe wakaizamisha baada ya kupigwa. Hawakuiacha na mizinga yake. Waliing'oa yote kumi, wakaitia magurudumu, wakaikokotesha nchi nzima ya Tanganyika. Kila mzinga una habari zake: ulipelekwa wapi, ulipiga nani, ulitekwa lini. Mmoja uko Pretoria, mmoja Jinja, huu wetu uko hapa Mombasa. Mtu akitaka kuandika maisha ya mzinga mmojammoja, karatasi zipo.

Swali ni nani aliyeivuta. Chuma cha namna ile hakitembei chenyewe kwenye tope la masika. Ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu, na ninajua jina la meli, jina la nahodha na kipenyo cha mdomo wa mzinga kwa milimita, 105. Jina la hata mmoja wa waliovuta silijui.

Hatua chache kutoka hapo kuna ukumbusho wa Arthur Wavell, Mwingereza aliyewahi kwenda Makka mwaka 1908 akijifanya Mzanzibari, kisha akaja kulima mkonge karibu na Mombasa. Vita vilipozuka Agosti 1914 aliunda kikosi cha Waarabu na Waswahili wa mji huu, wengi wao watu wa kazi za kawaida, wakaitwa Waarabu wa Wavell. Kikosi hicho ndicho kilichokuwa kusini mwa pwani Wajerumani walipopanda kutoka Vanga wakiitaka Mombasa, na mapema Oktoba 1914 wakazuiwa Gazi. Ukifikiria, mji huu haukutekwa kwa sababu, kwa kiasi fulani, ya watu waliokuwa wakiuza maji na kubeba mizigo bandarini wiki chache kabla. Wavell aliuawa Mwele tarehe 9 Januari 1916. Kwa hiyo kila mgeni wa Ngomeni anaweza kusoma jina la Wavell. Majina ya watu wake yalibaki mitaani, katika nyumba zao, hadi waliowajua nao wakafa.

Lakini hao angalau walishika bunduki. Bunduki humpa mtu nafasi katika vitabu. Walioliwa zaidi na vita vile ni waliobeba mizigo.

Ili kuelewa kwa nini walihitajika wengi hivyo, fanya hesabu ya jikoni. Farasi, nyumbu na punda walikufa kwa mbung'o, barabara za magari hazikuwepo, na reli ilifika ilipofika. Basi chakula cha askari kilibebwa kichwani. Ikiwa mpagazi amebeba ratili 50 za unga na kila siku anakula ratili mbili, baada ya siku 25 mzigo wote umeingia tumboni mwake mwenyewe na askari hajaonja kitu. Na lazima arudi, na kurudi nako kuna kula. Jeshi likisonga mbele hatua kumi, nyuma yake lazima uongeze watu maradufu ili unga ufike. Kila ushindi wa majenerali ulikuwa agizo la wapagazi wengine.

Mwaka 1917, vita vilipohamia upande wa Kilwa na Lindi, serikali ya Nairobi iliamuru msako wa nchi nzima chini ya ofisa wake John Ainsworth, na vijana zaidi ya laki moja wakakusanywa. Walishushwa kwa treni hadi Kilindini, wakapakiwa melini. Treni hizo zilipita hapa. Ndani walikuwamo Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, watu wengi ambao bahari hawajawahi kuiona, na harufu yake huanza kusikika hapahapa Miritini, mahali upepo wa Kipevu unapoingia. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa watu ukakifanya Kariakoo, na hilo ndilo kaburi lenye jina kubwa kuliko yote walilopata: soko Dar es Salaam, mtaa Nairobi. Mtu ananunua nyanya Kariakoo bila kujua kwamba ametaja jeshi.

Risasi hazikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, na posho ya mahindi isiyoiva iliyopikwa haraka kwa kuni mbichi na watu waliozoea chakula kingine. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza wanakaribia laki moja. Geoffrey Hodges, aliyezungumza na wazee walionusurika na kuandika kitabu juu yao, alikuta kumbukumbu zao zimejaa tumbo na miguu zaidi ya mapigano. Hilo naliamini. Anayebeba hakumbuki vita, anakumbuka mzigo.

Huwa nasikia watu wakisema majina hayakuandikwa kwa sababu hayakuwezekana kuandikwa: watu wengi mno, lugha nyingi mno, karani mmoja msituni na kalamu iliyokauka. Nami nilisema hivyo zamani. Kisha nikakutana na habari za kipande. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa wapagazi, aliweka utaratibu wa namba, vibati vya shingoni na alama za vidole ili kila mtu ajulikane na mshahara wake usipotee. Vita vilipokwisha, serikali ilichukua ujuzi wa namna hiyohiyo, na kuanzia 1919 na 1920 ikamvisha kila mwanamume Mwafrika mzima kipande ndani ya kijaluba cha bati shingoni: jina lake, kabila lake, vidole vyake, mwajiri wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Kibarua akitoroka shamba la mkonge alitafutwa kwa jina hadi kwao. Kwa hiyo kuandika kuliwezekana. Aliye hai wa kufanya kazi aliandikwa. Maiti hakuwa na shamba la kurudishwa.

Hata pesa zao zilikwama. Mishahara ya waliokufa, ambayo warithi hawakupatikana kuichukua, ilibaki mikononi mwa Waingereza, na maombi kwamba itumiwe kwa faida ya Waafrika yakakataliwa London. Wakati huohuo, mwaka 1919, maofisa na askari wazungu waliopigana walikuwa wakigawiwa mashamba katika nyanda za juu za Kenya.

Kilichotolewa kwa hawa wetu kilikuwa sanamu. Ukipita barabara ya Jomo Kenyatta mjini utaiona, ya shaba, ndugu ya zile za Nairobi na Dar es Salaam zilizosimamishwa miaka hiyohiyo ya 1927 na 1928. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, ambaye mwanawe mwenyewe alipotea vitani Ufaransa. Yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba afaye kwa ajili ya nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Nimesimama mbele ya ahadi hiyo mara nyingi, huku tuktuk zikinipigia honi. Jina lenyewe halipo pale. Wameachiwa watoto walikumbuke, na jiwe limejivua jukumu.

Siyo maneno yangu peke yangu. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa sababu. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka mia moja.

Huku kwetu, jambo la kumkumbuka aliyefia mbali halikuwa geni. Panda hapa Mazeras, uingie Rabai au uende hadi Giriama, utakuta desturi ya koma na vigango: mti unachongwa, unasimamishwa kwenye ardhi ya ukoo, unapewa tembo la mnazi na kuitwa kwa jina. Marehemu hujitokeza ndotoni, hulalamika kwamba ana baridi au ana kiu, na jamaa wakaelewa kwamba anadai mahali pake. Vigango vya wazee wa chama cha Gohu, vikubwa kuliko mtu, vilitamaniwa na wauza sanaa, vikaibwa usiku, vikauzwa Marekani. Makumbusho ya Denver ilikubali mwaka 2014 kurudisha 30. Waliovinunua walivitazama kama uchongaji tu. Kwa wenyewe, mtu kang'olewa uani kwake.

Na Wagiriama wenyewe, ninapenda kukumbusha, walikataa. Walipotakiwa kutoa vijana wa kazi, mwanamke wao Mekatilili wa Menza alisimama akawaapisha watu wasitoe, na Waingereza wakailipua Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, kwa baruti tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia vitani Ulaya. Jina la Mekatilili limebaki. Ajabu ni kwamba aliyekataa kutoa watu tunamjua kuliko wote waliokwenda vitani.

Vita vya Pili viliandika majina vizuri zaidi. Karibu Wakenya laki moja waliingia jeshini, wakaitwa watu wa keya, kwa kifupi cha King's African Rifles, na Kiswahili chao cha amri kikafika hadi Bonde la Kabaw huko Burma. Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa Jenerali China, alikuwa huko. Babu yake Barack Obama, Hussein Onyango, naye alikwenda vitani akimpikia ofisa wa Kiingereza. Lakini safari ninayoirudia kichwani ni moja iliyoanzia hapa bandarini.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo. Ilikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na kulikuwa na wauguzi wanawake pia. Tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, wengi walikuwa chini wakitazama tumbuizo. Nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga kwa topido mbili. Meli haikuchukua hata dakika mbili kuzama.

Hapo pana jambo ambalo sijaweza kulizoea. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari za kulinda msafara zilijua kwamba zikiiacha itazamisha meli nyingine, na zilijua pia kilichoko juu yake. Mojawapo, Petard, ikadondosha mabomu ya kina palepale, katikati ya watu waliokuwa wakiogelea na kupunga mikono. Nyambizi hatimaye ikaangamizwa. Walionusurika walikuwa 214, waliokufa 1,297. Vijana wa bara waliofundishwa kupiga mizinga na kupelekwa kuikomboa nchi wasiyoijua walikufa bila kuona adui, katika maji ambayo wengi wao hawakujua kuyaogelea.

Majina yao yapo. Yamechorwa kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi. Hilo ni tofauti kubwa na mwaka 1918, nami sitaki kulidharau. Ila mtu wa Mombasa anayetaka kuyasoma lazima apande treni. Katika bandari walikotokea sijaona ubao unaotaja safari hiyo.

Waliorudi walikuta nini? Walipewa kiinua mgongo kwa kipimo cha rangi: Mwafrika alipata kama theluthi ya mzungu wa cheo chake. Kisha ikaja hali ya hatari ya 1952, na medali ya Mfalme ikawa kitu cha kutupa chooni ama kuzika shambani. Novemba 2023 Mfalme Charles alipozuru makaburi ya Kariokor, Nairobi, aliwavisha medali mpya wazee waliopoteza zao, mmoja wao akisemekana kupita miaka mia na kumi. Kesho yake alikuwa Mtongwe, ng'ambo ya Likoni, akitazama wanamaji wetu wakifanya mazoezi. Nilitazama televisheni dukani kwa jirani. Fundi wa pikipiki aliyekuwa kando yangu aliuliza, "Ami, medali hiyo yauzika?" Hakuuliza kwa ubaya.

Wamarekani wana namna yao, na tumeiona karibu. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda, Lamu. Wamarekani watatu walikufa: askari mmoja wa miaka 23 na wafanyakazi wawili wa kandarasi. Kesho yake wizara yao ya ulinzi ilitangaza jina la askari yule, umri, mji wake na kikosi chake. Ni desturi waliyoifikia kwa uchungu. Ukuta wao wa Vietnam, uliojengwa Washington mwaka 1982 kwa ramani ya mwanafunzi Maya Lin, una majina zaidi ya 58,000, yamepangwa kwa tarehe ya kufa wala si kwa cheo. Anayemtafuta mtu wake hufika na karatasi na penseli akapaka juu ya herufi, aende nalo jina nyumbani. Siwasifu kwa vita vyenyewe. Naisifu karatasi na penseli.

Miaka minne kabla ya Manda, tarehe 15 Januari 2016, kambi ya jeshi letu ilivamiwa El Adde, Somalia. Rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alisema waliouawa walikaribia 200. Serikali ya Kenya ikakanusha, lakini yenyewe haikutoa hesabu. Tuna siku ya jeshi kila tarehe 14 Oktoba, tuna gwaride, na tangu 2022 tuna sheria ya wastaafu wa jeshi. Ukuta ambao mama wa pale stesheni angeupakia penseli hatuna.

Mbwa alimaliza mstari. Tukaruhusiwa kuokota mizigo, tukapita kwenye mashine, tukafika mlangoni. Tikiti ya treni hii haikatwi bila kitambulisho. Jina la abiria na namba yake huchapishwa juu yake. Kijana alikuwa mbele yangu. Mkaguzi alichukua tikiti na kitambulisho, akavilinganisha, akalisoma jina lote kwa sauti, la kwanza, la baba na la babu, kama mwalimu aitaye darasa. Kijana akaitika. Nje ya kioo mama yake, ambaye hakuruhusiwa kupita, aliinua mkono.